Kusafiri na bunduki kwenye ndege huku Marekani, hatua kwa hatua

Ndugu zangu mnaoishi huku Marekani, haswa nyie wa Texas, Minnesota, Ohio na kule Atlanta, msimu wa kuwinda ukikaribia maswali yanakuwa yale yale, eti bunduki inaruhusiwa kwenye ndege au hairuhusiwi, na majibu yanayozunguka kwenye magrupu mengi ni ya kusikia sikia tu. Jibu fupi ni kwamba inaruhusiwa, tena kisheria kabisa, ila sharti iende chini kwenye mzigo, isiwe na risasi ndani, iwe kwenye kasha gumu lililofungwa kufuli, na wewe mwenyewe uitaje pale kaunta kabla begi halijatoka mikononi mwako. Ukikosa kimoja tu kati ya hivyo ushajitafutia kesi, na kwa sisi tulioko huku kwa grini kadi au viza kesi ya silaha sio kama tiketi ya spidi, unaweza kulipa faini ukadhani yameisha kumbe watu wa uhamiaji ndo kwanza wanafungua faili lako.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haiko eapoti, iko nyumbani, jiulize kwanza kama wewe unaruhusiwa kushika hiyo bunduki. Sheria ya shirikisho inasema mtu aliyeingia kwa viza ya muda, iwe ya mwanafunzi, ya kazi au ya kutembea, haruhusiwi kumiliki bunduki wala risasi, isipokuwa awe ndani ya vipengele vichache vilivyoachwa wazi, na kile ambacho watu wengi wanakitumia ni kuwa na leseni halali ya uwindaji iliyotolewa na jimbo. Asiye na makaratasi kabisa haruhusiwi, hakuna mjadala. Aliyewahi kutiwa hatiani kwa kumpiga mke au mume, hata kama lilihesabiwa kosa dogo, naye haruhusiwi. Mwenye grini kadi kwa sheria ya shirikisho anaruhusiwa kama raia, lakini msikilize vizuri hapa, sheria ya uhamiaji ina kipengele chake maalum kinachosema asiye raia akitiwa hatiani kwa kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kurudishwa kwao. Haijalishi umekaa huku miaka ishirini, haijalishi watoto wamezaliwa huku. Ndo manake nasema ikitokea umeshikwa, usikubali kusaini kukiri kosa lolote mpaka uongee na mwanasheria wa uhamiaji, sio yule wa jinai peke yake, sababu wa jinai anaweza kukupatia dili zuri la kutolala ndani kumbe dili hilo hilo ndo linakufungia mlango wa uraia.

Na msidhani watu hawashikwi. TSA, hawa jamaa wa ukaguzi wa eapoti, mwaka 2023 walikamata bunduki 6,737 kwenye mabegi ya mkononi nchi nzima, na mwaka 2024 zikawa 6,678, zaidi ya tisa katika kila kumi zikiwa na risasi ndani. Atlanta peke yake mwaka 2023 zilipatikana 451. Wengi wa hao sio majambazi, ni watu wa kawaida waliosahau bastola kwenye begi la mgongoni. Lakini kusahau sio utetezi mbele ya TSA, faini ya bastola yenye risasi inaanzia dola 3,000 na ikizidi sana inaweza kuvuka 17,000, hapo sijagusa kesi ya polisi wa jimbo ambayo ni kitu kingine kabisa, na kama una PreCheck, ule mpango wa TSA wa kupita ukaguzi haraka, inaweza kuondolewa kwa miaka mitano. Halafu kibali chako cha kubeba silaha, kile cha jimbo, hakikusaidii chochote kwenye geti la ukaguzi, kile ni cha mtaani.

Hatua ya pili, chora njia yako yote, sio mwanzo na mwisho tu. Hapa ndo watu wanaumia na hapa ndo nataka mtulie kidogo. Kuna sheria ya shirikisho ya mwaka 1986 inayomlinda msafiri, inasema kama unapotoka unaruhusiwa kuwa na bunduki hiyo na unapokwenda unaruhusiwa, basi majimbo ya katikati hayakugusi, mradi haina risasi na iko mahali ambapo mkono wako haufiki kirahisi. Inasikika vizuri, eeh? Sasa sikia kilichompata jamaa mmoja wa Utah mwaka 2005. Alikuwa anaenda Pennsylvania, anaunganisha ndege Newark, New Jersey, bastola yake ameitaja vizuri kaunta, iko kwenye kasha, imefungwa. Ndege ya kuunganisha ikampita, akapewa mabegi yake, akaenda kulala hoteli. Kesho yake akarudi eapoti, akaenda kaunta, akaitaja bastola yake kama anavyotakiwa, na palepale akatiwa pingu kwa kukosa kibali cha New Jersey, akakaa ndani siku kadhaa. Alifungua kesi ya kudai haki yake, na mwaka 2010 mahakama ya rufaa ikamwambia ulinzi ule haukumhusu, kwa sababu usiku ule hotelini begi lilikuwa mikononi mwake na bastola ilikuwa inafikika. Kesi ya mwanzo ile ya jinai ilifutwa, lakini siku za rumande nani anakurudishia?

Kwa hiyo kama unaweza, usipitie Newark, wala JFK na LaGuardia za New York, ukiwa na bastola, lipa dola za ziada upate flaiti ya moja kwa moja au unganisha Charlotte, Denver, Dallas, popote. New York haitambui kibali cha jimbo lingine, na polisi wa eapoti zile wamewahi kushika watu wengi palepale kaunta, watu waliokuja wenyewe kuitaja silaha wakidhani wanafuata sheria. Ikitokea umekwama huko, hali ya hewa imeharibika au ndege imekupita, na wanakuambia chukua begi lako ukalale hoteli, usilichukue. Waambie kwa upole begi lina silaha iliyoshatajwa, unaomba libaki mikononi mwa shirika mpaka flaiti ya kesho. Simama hapo, omba supavaiza, uwe na subira. Nguo za kulalia nunua dukani. Mkifika Massachusetts na Illinois nako kuna masharti yao ya vibali kwa hiyo usome kabla, tena tovuti ya polisi wa jimbo au ya mwanasheria mkuu wa jimbo, sio status ya mtu.

Ukimaliza hapo ingia kwenye tovuti ya shirika la ndege, soma ukurasa wao wa silaha, uuhifadhi kwenye simu yako. Kila shirika lina vimasharti vyake juu ya vile vya TSA na kaunta wakikukatalia kitu ambacho kimeandikwa kwao wenyewe unawaonyesha tu, bila kelele.

Kasha sasa. TSA wanataka kasha gumu la pande zote, linalofungwa lote, na lisiloweza kupenyezwa. Jaribu hivi nyumbani, funga kasha lako, afu shika kona moja ya kifuniko uivute kwa nguvu kwa vidole viwili. Ukiona pamefunguka kiasi kwamba kidole kinapita ukagusa chuma ndani, hilo kasha halifai, hata kama kufuli ni la bei mbaya. Ndo sababu lile boksi la plastiki ulilopewa dukani uliponunua bastola mara nyingi linakataliwa, ni laini, na TSA wenyewe wameandika kwamba huenda lisitoshe. Kasha likiwa na matundu manne ya kufuli weka kufuli nne, usiweke mbili ukaacha mbili, manake pembe isiyofungwa ndo inayofunguka.

Kwa bastola kuna njia rahisi zaidi, unanunua kiboksi kidogo cha chuma chenye kebo ya waya, unaweka bastola ndani, unafunga, unaizungushia kebo kwenye fremu ya sanduku lako la kawaida la nguo. Sheria inahesabu kile kiboksi kuwa ndo kasha, sanduku la nje linaweza kuwa hata la kitambaa. Bunduki ndefu haina ujanja huo, inataka kasha lake refu.

Kuhusu kufuli, TSA wanasema aina yoyote inakubalika, hata zile zao ambazo wana ufunguo wake. Mimi nashauri kwenye kasha la silaha weka kufuli ya kawaida ngumu ambayo ufunguo unao wewe peke yako, kwanza kanuni yenyewe inasema ufunguo au namba abaki nazo abiria, pili zile funguo za TSA michoro yake ilishasambaa mtandaoni tangu 2015 na mtu mwenye printa ya 3D anaweza kujitengenezea. Ile ya TSA iweke kwenye sanduku la nje lenye nguo.

Risasi zinaruhusiwa kwenye mzigo wa chini pekee, mkononi hata moja hapana, hata ganda lenye baruti hapana. Zikae kwenye boksi lililotengenezwa kwa ajili ya risasi, la karatasi ngumu, mbao, plastiki au chuma, lile boksi la dukani linatosha kama halijachanika. Usizimwage kwenye soksi wala mfuko wa nailoni. Zinaweza kukaa kasha moja na bunduki, mradi haziko ndani ya bunduki. Magazini, yaani kile kibebeo cha risasi kinachochomekwa kwenye bunduki, ikiwa na risasi nayo inaruhusiwa ikiwa imefungiwa vizuri ndani ya boksi au ndani ya kasha gumu, lakini kwa ushauri wangu itoe risasi zote, magazini tupu haileti maswali kaunta. Uzito, mashirika makubwa kama Delta, United, American na Southwest wanakuwekea kilo 5, yaani pauni 11, kwa abiria. Pima nyumbani. Baruti ya kumimina na zile fataki zake ndogo za kuwashia, za bunduki za kizamani, haziendi kabisa, si juu si chini, kanunue ukifika. Dawa ya kupulizia dubu hali kadhalika.

Afu kuna vipande ambavyo watu wanavipuuza. Magazini tupu, bolti, pini ya kufyatulia, vyote hivyo haviruhusiwi mkononi, viende chini. Darubini ya bunduki ikiwa imetolewa inaruhusiwa mkononi. Bastola ya mtoto ya kuchezea inayofanana na ya kweli nayo iende chini, msije mkasimamisha foleni nzima kwa ajili ya toi.

Usiku wa kabla ya safari toa risasi kwenye bunduki, huko huko nyumbani, usisubiri kwenye paking ya eapoti. Toa magazini kwanza, vuta slaidi au bolti nyuma, angalia kwa macho ndani ya chemba, pale risasi inapokaa tayari kufyatuliwa, afu ingiza kidole uhakikishe pako patupu, manake kwenye mwanga hafifu macho yanadanganya. Kama ni bastola ya silinda fungua silinda uhesabu matundu yote. Halafu chukua begi lako la mkononi, ligeuze juu chini, limwage kila kitu kitandani, zipu zote, vimifuko vyote vya pembeni, mpaka ule mfuko wa siri wa mgongoni. Hili begi likiwa ndo lile lile unaloenda nalo kulenga shabaha, usisafiri nalo, nunua lingine kabisa. Naomba hili mlichukulie kwa uzito, risasi moja inajificha chini ya mshono wa begi miezi mingi na huioni mpaka mashine ya eksrei ikuonyeshe.

Siku yenyewe fika mapema, masaa mawili kabla ya ndege kwa uchache, siku za sikukuu masaa matatu. Usitumie mashine za kujihudumia, nenda kaunta yenye mtu. Na pale kaunta maneno ni muhimu, usiseme kwa sauti eti nina bunduki, ukisema hivyo kwa lafudhi zetu katikati ya foleni kuna mtu ataruka. Mpe kitambulisho, afu kwa sauti ya kawaida mwambie “I'd like to declare an unloaded firearm in my checked bag.” Basi. Maana yake unataka kutaja silaha isiyo na risasi iliyo kwenye begi la chini. Wameizoea hiyo sentensi, haswa miji ya wawindaji, anatoa kadi ya kutaja silaha, unasaini na kuweka tarehe kwamba haina risasi, na kadi hiyo inaenda ndani ya begi pale atakapokuelekeza. Akikuambia ufungue uonyeshe, fungua kasha bila kushika bunduki, mikono ionekane, yeye ndo akuambie cha kufanya. Usiishike kumwonyesha chochote mpaka akuombe.

Kitu kimoja cha kujua, sheria inakataza shirika kubandika nje ya begi lebo inayosema humu kuna silaha. Iliwekwa kwa sababu nzuri tu, wezi wasijue begi la kuchukua. Kwa hiyo ukiona mtu wa kaunta, labda mgeni kazini, anataka kuibandika kadi kwa nje, mwambie kwa heshima aweke ndani, na akibisha omba supavaiza.

Kadi ikishaingia usikimbilie geti. Muulize nisubiri wapi na kwa muda gani. Eapoti nyingine wanakupeleka mpaka chumba cha TSA, nyingine unasubiri karibu na kaunta kama dakika 15 au 20. Begi likipita kwenye mashine wakitaka kulifungua watakuita wewe uje na ufunguo, na wasipokupata begi haliendi, linabaki pale pale na wewe unaruka bila mzigo. Simu iwe na chaji, masikio yasiwe na vipokea sauti. Ukiombwa ufunguo mpe ofisa, akimaliza hakikisha amefunga na ufunguo umeurudisha mfukoni.

Ikitokea bahati mbaya uko tayari kwenye foleni ya ukaguzi ndo unakumbuka kuna kitu kwenye begi la mkononi, kama begi halijaingia kwenye mkanda, geuka utoke, rudisha garini au nyumbani. Likishaingia usiligombanie, usinyooshe mkono kulichukua hata kidogo. Novemba 2021 pale Atlanta abiria mmoja alilirukia begi lake wakati linakaguliwa, bastola ikalia, watu wakadhani ni shambulio, watu wengi wakakimbia hovyo na kuna walioumia kwenye msukumano. Simama, mikono wazi, nyamaza, na ukiulizwa zaidi omba mwanasheria. Una haki hiyo hata kama si raia.

Ukifika unakokwenda, usiende tu kwenye mkanda wa mizigo ukasubiri. Tangu Januari 2017, pale mtu aliyesafirisha bastola yake kihalali kwenye mzigo alipoichukua Fort Lauderdale, akaijaza risasi chooni na kuua watu watano kwenye eneo la kuchukulia mabegi, baadhi ya mashirika yalibadilisha utaratibu, begi la silaha linapelekwa ofisi ya mizigo, unaonyesha kitambulisho, na mengine wanalizungushia vile vibano vya plastiki usiweze kulifungua humo ndani. Kwa hiyo anzia ofisi ya mizigo. Angalia kufuli zote kama ziko, angalia kasha halijapasuliwa, likiwa na shida ripoti pale pale kabla hujatoka mlangoni. Kisha ondoka nalo likiwa limefungwa mpaka unakolala. Usilifungue eapoti wala kwenye basi la hoteli, na kikatio cha vile vibano kiweke kwenye mzigo wa chini.

Nimebakiza wale wanaotaka kutoka nje ya nchi, na hapa nitasema wazi, usipeleke bunduki nyumbani Afrika kama huna kibali cha kule mkononi. Kenya uwindaji wa burudani ulipigwa marufuku tangu 1977 na silaha inataka kibali cha serikali, kwa hiyo hamna sababu ya kuipeleka. Tanzania uwindaji upo, ila kibali cha kuingiza bunduki ya muda kinashughulikiwa mapema na kampuni ya uwindaji inayokupokea, sio kitu cha kuomba ukishatua Kilimanjaro. Na njia ya katikati nayo ina sheria zake, ukipitia Amsterdam kibali cha forodha ya Uholanzi lazima kiwe kimepatikana kabla.

Risasi zilizosahaulika ndo hatari kubwa zaidi kwenye safari za nje. Kule Turks na Caicos, vile visiwa vya mapumziko, mwaka 2024 kulikuwa na Wamarekani watano wakikabiliwa na kesi kwa sababu ya risasi chache kwenye mabegi yao, mmoja wao zilikuwa risasi nne za kuwindia tu, na sheria ya kule ilikuwa na kifungo cha chini cha miaka 12. Mwishowe wengi wao walipewa vifungo vya nje na faini, lakini walikaa kisiwani wiki na miezi mbali na familia. Wao walikuwa na pasi za Marekani na maseneta wa kuwapigania. Mwenye pasi ya Kongo au ya Burundi anayesafiri kwa grini kadi ajiulize nani atapiga simu kwa ajili yake.

Kwa anayekwenda na vibali vyote, kabla ya kuondoka pitia ofisi ya forodha ya Marekani, CBP, na bunduki yako ikiwa kwenye kasha, ujaze fomu namba 4457. Ofisa anakagua namba iliyochongwa kwenye bunduki, ile serial number, anagonga muhuri, haina malipo. Piga simu kabla ya kwenda na uwaambie unaleta silaha, usiingie nayo tu. Fomu hiyo ndo ushahidi kwamba bunduki ulitoka nayo huku, ukirudi bila hiyo watakuuliza umeinunua wapi na hutakuwa na karatasi ya kuwaonyesha. Weka ya asili kwenye begi la mkononi na nakala ndani ya kasha.